Black Savage na maisha ya pili ya Kothbiro

Black Savage lilikuwa kundi la vijana wa Nairobi katika miaka ya 1970, lililopiga roki na soul wakati benga ndiyo iliyouza santuri. Halikudumu. Miongoni mwa wanamuziki wake walikuwa Mbarak Achieng na Job Seda, na mwaka 1976 walirekodi Kothbiro, wimbo wa Kijaluo uliopigwa kwa vyombo vya umeme.

Njia ya kumfikia msikilizaji wa Meru au Embu ilikuwa finyu: Sauti ya Kenya ndilo lililokuwa shirika pekee la utangazaji nchini, na kundi lisilochezwa humo lilibaki la mjini.

Seda alijiunga na African Heritage Band, akahamia London katika miaka ya 1980 na kupiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, mitaani. Kwa jina la Ayub Ogada alitoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka 1993 kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikiwa na Kothbiro tulivu zaidi. Toleo hilo liliingia kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005, na wengi wakadhani ndilo la kwanza.

Rekodi ya kundi iliibuka upya mwaka 2018, rapa Kanye West alipoikata kipande na kukitumia katika wimbo wake Yikes. Ndipo hata Wakenya wengi wakaanza kuulizana Black Savage walikuwa nani, swali ambalo lingestahili kuulizwa mapema zaidi. Ogada alifariki mwaka 2019.