Beti za Mwisho na Babu wa Salale

Malenga wa siku hizi wana desturi ambayo nimeivumilia kwa miaka, na leo naomba ruhusa ya wasomaji niiseme. Mtu hutunga shairi la beti kumi na mbili, vina vimetulia, mizani imetimia, kisha akifika kaditama hujitambulisha kwa lakabu tupu: Malenga wa huku, Ustadhi wa kule. Jina alilopewa na wazazi halionekani, baba yake hajulikani, mji hautajwi, na mwaka ndio kabisa. Nasema huo ni uharibifu, na sababu yangu ya kusema hivyo imetoka Salale.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa huko, katika delta ya Rufiji, upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti. Ni nchi ya mikoko, ya msinzi na mkandaa, ambako kwa vizazi vingi majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalikuja na kaskazi kupakia boriti, yakarudi na kusi. Nililijua jina la bibi na la baba yake. Zaidi ya hapo palikuwa giza, na kwa muda mrefu giza hilo halikuniudhi.

Walioniudhi ni Wapolandi. Kusini mwa nchi yao, chini ya milima ya Tatra, wanaishi Wagorale, watu wa milimani, ambao wengi wao walihamia Marekani, hasa Chicago, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nilisoma jinsi wajukuu wao wanavyowafuata nyuma kwa karatasi. Orodha za abiria walioingia Marekani kwa meli kuanzia 1907 zina safu ya jamaa wa karibu aliyeachwa nyumbani, na mahali anapoishi. Ukishapata kijiji, unakwenda kwenye vitabu vya parokia. Vitabu hivyo, kwa amri ya kaisari Joseph II wa Austria ya mwaka 1784, viliandikwa kwa safu: tarehe, mtoto, wazazi, hata nambari ya nyumba. Mkulima asiyejua kusoma, aliyekufa bila kuvuka mto wa kijijini kwao, ana mstari wake wa wino.

Niliona wivu, sifichi. Kisha nikaanza kutafuta.

Delta haikuwa na parokia. Mapadri waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliandika majina ya watoto waliowakomboa, lakini Salale ni ya Waislamu, na ndoa ya mzee wangu ilishuhudiwa kwa masikio ya watu, si kwa wino. Serikali nayo, nimegundua, ilimwandika mtu wa pwani pale tu palipokuwa na kitu cha kuchukuliwa au cha kutolewa. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, basi nyumba ikahesabiwa. Walitoa hati za uhuru kwa watumwa, makumi ya maelfu, basi mtumwa akaandikwa pamoja na bwana wake. Watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 walitangazwa kuwa huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika hadi 1922, chini ya Waingereza. Waliovushwa bahari wana karatasi zao pia: katika majalada ya Waingereza wa Ghuba, ambayo sasa yamewekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya Qatar, yamo maelezo ya watu waliofika Muscat, Sharjah au Bushire kuomba hati ya uhuru. Mtu anataja jina lake, la baba yake, alikozaliwa, na namna alivyoibwa. Nimesoma kurasa hizo usiku mwingi. Hakuna aliyezisoma akalala vizuri.

Wakati huohuo, angalieni chuma kinavyotunzwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa deltani tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa majini, ikakokotwa kwenda kupigana nchi kavu, na leo mmoja umesimama Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mzinga wa Rufiji una nasaba iliyo wazi kuliko ya babu wa bibi yangu.

Hapa ndipo wapenzi wa lugha tunapohusika, maana hata pale jina lilipoandikwa, limejificha nyuma ya tahajia. Karani wa Kijerumani alisikia Juma akaandika Djuma au Dschuma. Kivinje ikawa Kiwindje, Bagamoyo ikawa Bagamojo. Na kabla yake, mwandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mara nyingi hakuiandika nun iliyotangulia dal, wala mim iliyotangulia ba. Aliyesoma alijua ya kuwa ni "nd" na "mb" kwa kuwa aliijua lugha. Mdengereko na Mndengereko ni mtu yuleyule kwenye karatasi. Mjukuu anayeandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia cha intaneti, kwa tahajia sanifu ya leo, atajibiwa kwamba mtu huyo hayupo. Yupo, ila amevaa kanzu ya mtu mwingine. Kumvua kanzu hiyo ni kazi ya mwenye sikio la lugha, na nashangaa jinsi tulivyo wepesi wa kubishana mwezi mzima juu ya urari wa vina na wazito wa kazi hii.

Nasi twende kwenye jambo lenyewe. Mama mkubwa ana kasha, na ndani ya kasha mna utenzi wa kurasa chache kwa herufi za Kiarabu. Kila maulidi ulisomwa, na kila mara msomaji alinyamaza kabla ya beti mbili za mwisho na kuingia kwenye dua. Nilidhani zimeliwa na mchwa. Mwaka jana nilimwomba nizione. Hazikuliwa. Katika beti hizo mtunzi anasema jina lake, jina la baba yake, kwamba anaandika Salale, na kwamba ni mwaka 1327 wa Hijria, yaani takriban 1909. Ni babu wa bibi yangu. Hakuna daftari la kodi wala hati ya serikali niliyoipata inayomtaja. Amejiandika mwenyewe, kwa mizani minane.

Jina lake sitalitaja, wenyewe wako hai. Jina la baba yake ndilo lililowanyamazisha wasomaji wetu. Ni mojawapo ya yale majina ya vito na manukato, jamii ya Almasi, Feruzi, Ambari, Zafarani, ambayo mwenye kuijua pwani akiyasikia huelewa bila kuambiwa ni nani aliyempa mwenzake jina. Familia yetu imekuwa ikisema asili yetu ni Arabuni. Nilipomsomea mama mkubwa beti zile kwa sauti, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulizijua. Tulikuwa tunamsitiri."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina lililo kamili. Ila naona kwamba yeye mwenyewe hakutaka kusitiriwa. Mwaka 1909 utumwa ulikuwa bado halali, na mtu huyu, aliyejua vina na angeweza kujipachika nisba yoyote, aliandika jina la baba yake kama lilivyo. Sisi ndio tulioona haya kwa niaba yake.

Wala hakubuni desturi hiyo. Mwana Kupona binti Mshamu aliwaachia wasomaji wa utenzi wake jina lake, alikozaliwa, na mwaka wake, 1275 wa Hijria. Watunzi wa tenzi walifanya hivyo ili msomaji ajue amwombee nani. Hata magazeti yalipoingia, tangu Mambo Leo ya mwaka 1923, mshairi alichapishwa kwa jina na mji wake, na baadaye kwa sanduku lake la posta; mwenye subira akizisoma kurasa hizo atawakuta watu wa vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na daftari lolote la watu.

Najua nitajibiwa kwamba lakabu ni ya kale. Ni kweli, lakini aghalabu iliongezwa juu ya jina, haikulifuta. Nitajibiwa pia kwamba wapo wanaotunga mambo ya hatari. Hao wajifiche, Mungu awalinde. Lakini anayelisifu embe la Ikwiriri anajificha kwa ajili ya nani? Taja jina, mtaje baba, na mama pia, ambaye wazee wetu walimsahau mno. Taja kijiji na mwaka. Beti mbili zinatosha, na ukishindwa kuzipatia vina, ziandike kwa nathari chini ya shairi.

Utenzi bado umo kashani. Mama mkubwa amenikubalia kuupiga picha kurasa zote, pamoja na ule wa mwisho, kwa sharti moja: maulidi ijayo nisimame mimi kuusoma, na mjomba awe amekaa mbele.