Kichwa cha treni cha Babu: tukiboreshe, tusikigeuze

Najua mmezoea kunisoma nikilalamikia maji, nauli na vikao vya halmashauri. Leo hoja yangu ni chuma kidogo, urefu wake hauzidi mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Nivumilieni.

Babu yangu mzaa mama anaishi Kisarawe. Enzi za East African Railways alikuwa mchochea moto kwenye vichwa vya mvuke. Mwanzoni mwa miaka ya 60, bosi wake Mwingereza alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kichwa cha treni cha mfano. Si kile cha kusukuma kwa mkono! Kina boila ya kweli, taa ya spiriti chini yake na silinda mbili. Maandishi ya ubavuni yamefutika, ila kinafanana na vile vilivyotengenezwa Uingereza miaka ya 1920 na 1930 na makampuni kama Bowman Models ya Dereham. Kinatembea kwenye reli yenye upana wa milimita 32.

Mwaka huu Babu, ambaye anakaribia miaka 90, alikitoa kwenye sanduku akanikabidhi. "Mjukuu wangu, kafanye kitembee. Nataka nikisikie."

Basi nikakipeleka kwa fundi mmoja hapa Maili Moja. Akakigeuza geuza, akacheka. "Bwana mdogo, hii kazi ya nusu saa. Natoa hili boila, naweka mota na betri, kinakimbia mpaka Mlandizi." Kijiwe kizima kilimuunga mkono. Binamu yangu yeye alisema tukiuze kwenye intaneti, wazungu wanavipenda. Na mimi nilikuwa na msimamo wangu: kisiguswe hata skrubu moja, ni urithi.

Leo nakiri kwamba wote watatu tulikosea, kwa sababu tulitoa hukumu kabla ya kupima.

Hivyo nikachukua daftari nikagawa ukurasa mara tatu. Safu ya kwanza: kinachoweza kumuumiza mtu. Ya pili: kinachokizuia kutembea. Ya tatu: kisichopendeza macho tu. Rangi iliyobanduka na mkwaruzo wa ubavuni vikaenda safu ya tatu, na huko vitabaki. Silinda zilizokauka, utambi uliooza na springi iliyolegea vikaenda safu ya pili. Silinda za aina hii hubembea mbele na nyuma zikifungua na kuziba matundu ya mvuke, na springi ndiyo inayozibana zisiachie. Ikilegea, mvuke wote unapotea hewani. Hizi ni kazi ndogo: kusafisha, oili, utambi mpya, springi mpya. Vya zamani nimevihifadhi kwenye kopo.

Safu ya kwanza ilikuwa na neno moja. Boila.

Hapa naomba wadau msikilize vizuri, maana watu wanadhani kitu kikiwa kidogo basi ni mdoli. Maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600. Boila kuukuu ukiliwashia moto bila kulipima unacheza na macho ya watoto. Kulipima nako usitumie hewa. Unalijaza maji baridi mpaka juu, unafunga pampu ya mkono yenye geji, unapandisha presha hadi mara mbili ya ile ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kiungo kikiachia yanadondoka tu, hakirushwi chuma.

Tukapima. Hata nusu ya safari hatukufika, maji yakaanza kutoka kwenye mshono wa nyuma.

Nikaenda kwa sonara, kwa sababu nilisikia kiungo cha fedha kina nguvu kuliko cha risasi. Mzee wa watu akalitazama muda mrefu akanirudishia. Akasema boila lote limeunganishwa kwa risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 200 hivi au chini yake. Fedha inataka moto wa nyuzi zaidi ya 600. Akiziba mshono mmoja kwa fedha, mingine yote itaachia. Alichoweza ni kutengeneza boila jipya la shaba kwa vipimo vilevile, likiwa na valvu mpya ya usalama.

Nilirudi Kisarawe nimenuna. Boila jipya! Si ndiyo yaleyale ya fundi wa betri? Nikamweleza Babu nikitegemea atahuzunika. Akanishangaa. "Kwani sisi karakana tulikuwa tunafanya nini? Injini ikija na boila bovu linatolewa, linawekwa zima, inarudi njiani na jina lake lilelile."

Hapo ndipo nilipoelewa. Reli wenyewe waliboresha mashine zao kila mara. Baadhi ya vichwa vya East African Railways vilifungwa bomba jipya la moshi, bapa, lililobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ili moto uvute vizuri na mafuta yapungue. Hakuna aliyesema kimeharibiwa urithi. Moto uliendelea kuchemsha maji, mvuke ukasukuma pistoni. Hiyo ndiyo roho yake. Ukiweka betri unabaki na ganda tu.

Kwa hiyo msimamo wangu mpya ni huu: pima kwanza, tengeneza kinachoua na kinachokwamisha, tunza kila ulichotoa, usibadilishe namna mashine inavyofanya kazi. Boila la zamani litarudi sandukuni likiwa halijakatwa wala kutobolewa.

Wapo watakaosema nahangaika na mdoli wa mkoloni. Sawa, lakini waliochochea ule moto ni akina babu zetu. Na sisi watu wa Pwani tumezungukwa na reli. Tunayo Reli ya Kati ya mita moja, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ipo TAZARA ya milimita 1,067 inayokatiza wilaya ya Kisarawe. Ipo SGR ya milimita 1,435, na tangu 2024 treni ya umeme inapita Soga na Ruvu kwa kasi ambayo Babu anaitazama kwenye simu yangu akitikisa kichwa. Kila mpya ilipokuja tuliisahau ya jana. Mwaka 1955 na 1956 Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza vichwa 34 vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai na Mount Shengena, yote milima ya Tanzania, vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Wakenya walivitunza, hongera zao. Ila mtoto wa Upare akitaka kukiona kichwa chenye jina la mlima wa kwao, inabidi avuke mpaka.

Ombi langu si kubwa. Walimu wa fizikia wa Kibaha na Kisarawe, mkitualika tutakuja. Watoto wasimame mbali kidogo, waone spiriti ikiwaka, wahesabu dakika, waone gurudumu likianza kuzunguka bila betri wala waya. Mchoro wa ubaoni hautoi harufu ya oili ya moto.

Sonara ameomba wiki tatu. Hela ya shaba nimelipa nusu, nyingine natafuta. Boila likija tutalipima kwa maji baridi mara mbili ya presha ya kazi, na lisipopita haliwashwi, hata Babu akisisitiza vipi.

Naye kila akipiga simu haulizi habari zangu siku hizi. Anauliza, "Limefika?"

Naomba kuwasilisha.