Nyanya ya nyongeza

Siku hizi furaha ina kiingilio. Ukumbi umekodiwa, kijana kavaa suti, anakwambia uamke alfajiri, ujitazame kwenye kioo na ujisemee maneno mazuri. Sina ugomvi naye, kila mtu na riziki yake. Ila mimi ni fundi cherehani, na mtu anayepimwa kiuno huongea. Wengi wanaonilalamikia kwamba maisha yamekosa ladha hawana shida ya kioo. Tangu asubuhi hawajasema na mtu isipokuwa kwa kulipa au kugombana.

Nakaa Kimara, kibanda changu kiko Magomeni, kwa hiyo napanda basi la mwendokasi. Tunabanana kiasi cha kujua mwenzako kanywa chai na nini, na bado hakuna anayetoa salamu. Masikio yamezibwa na hedifoni. Zamani kwenye daladala mtu alikuwa akigombea chenji na konda, basi zima linaingilia kati, mnashuka mnacheka.

Watafiti jambo hili wamelipima. Mwaka 2014, Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti uliohusu abiria wa treni na mabasi ya jiji hilo. Baadhi waliombwa wamsemeshe mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya. Kundi jingine liliulizwa tu safari ipi ingependeza zaidi, likachagua ya kimya. Ikawa kinyume: waliofurahia zaidi ni wale walioongea. Kumbe kila mmoja hudhani jirani yake hataki kusemeshwa, basi wote wananyamaza. Mwaka huohuo Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walionyesha kwamba hata mnunuzi wa kahawa anayemtazama mhudumu usoni, akatabasamu na kupiga soga kidogo, hutoka na moyo mweupe kuliko aliyeambiwa afanye haraka.

Mama wa genge mtaani kwetu hakuhitaji utafiti. Unataja bei, anakataa, unajifanya kuondoka, anakuita. Akikufungia mchicha anauliza mguu wa mama unaendeleaje, kisha anatupia nyanya moja ya nyongeza. Sasa vijana wanakuja simu iko sikioni, wanauliza lipa namba, wanatuma, wanaondoka. Hela imeingia, lakini nyanya ya nyongeza imebaki kwenye meza.

Nitaambiwa nyanya hailipi kodi ya nyumba. Kweli, hailipi, na anayemhubiria furaha mtu aliyefukuzwa kazi jana anamtukana. Aliyefiwa naye aachwe alie. Matanga yana siku zake. Wala simwambii binti anayesumbuliwa na wanaume ndani ya basi avue hedifoni ili awe mkarimu. Zile ni ngao yake. Nasema juu yetu sisi wengine, tusio na la kuogopa, tunaookoa dakika mbili gengeni halafu tunazimaliza kwenye simu tukitazama watu wasiotujua wakicheka.

Nashauriwa niweke televisheni kibandani, wateja wasichoke kusubiri. Nimekataa, nimeweka benchi. Wakikaa pale wanaanza kuulizana: sare hii ya harusi ya nani? Kabla sijamaliza kukunja pindo wameshagundua kwamba bwana harusi ni mtoto wa jirani yao wa zamani wa Manzese, yule aliyekuwa akivunja vioo vya watu kwa mpira. Mwingine anaingilia kwamba kioo kimojawapo kilikuwa cha kwao. Umeme ukikatika hawaondoki, na nguo zikichelewa hawanigombezi sana. Anayetaka kuninunulia televisheni na aninunulie tu, nitaipeleka nyumbani.