Pikapu ya Wawili: Kitanda Kwanza, Mbwembwe Baadaye

Mwezi huu tunaongelea chuma. Usikunje uso! Najua umezoea hapa tunachambua mapenzi, wakwe na mshahara usiofika tarehe 20, lakini nifuate taratibu, utaona tunakoelekea.

Siku hizi nikikaa na marafiki wa rika langu, wale waliopata kazi, wakaoa na kuolewa, wakajibana hadi wakanunua pikapu ya mtumba, mazungumzo lazima yaishie kwenye safari. Hoteli za hifadhini bei yake si mchezo, na Bagamoyo kila wikiendi imeshachosha. Watu wanataka kupakia godoro na sufuria nyuma ya gari, waende Ruaha, Kitulo au Ziwa Natron, walale hukohuko wakisikiliza fisi. Wazo bomba kabisa. Kasheshe inaanza siku ya kulitengeneza hilo gari. Baba anataka winchi, bampa la chuma na taa sita juu ya paa. Mama anauliza atalala wapi na atajisaidia wapi. Mshiko ni mmoja na gari ni moja.

Mimi na mume wangu tumelitengeneza letu, Hilux ya milango minne, kidogokidogo kwa miaka miwili. Nikiulizwa siri yake nini, jibu langu ni fupi: pikapu ya safari ni bajeti ya nyumba. Ina kikomo chake, na kila kilo anayochukua mmoja inatoka kwa mwenzake.

Piga hesabu ya kilo

Fundi mmoja wa Gerezani aliniambia, "Dada yangu, gari ya mzigo haiogopi mzigo." Maneno matamu, lakini kiwanda hakisemi hivyo. Kila gari lina uzito wa juu ulioruhusiwa, umeandikwa kwenye kibati chake au kwenye kitabu. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho mnachoruhusiwa kupakia, na humo mmo na ninyi wenyewe. Letu linabaki na takriban kilo 900. Nyingi, eh? Haya, tuhesabu kwa makadirio.

Watu wawili, kilo 140. Kanopi ya nyuma, 70. Hema la juu ya paa, 60. Makabati ya droo, 60. Friji na vilivyomo, 40. Betri ya pili, 30. Maji lita 60 ni kilo 60 kamili. Dizeli ya akiba lita 40, kama 34. Zana na vifaa vya kujikwamua, 50. Chakula, nguo, viti na gesi, 60. Tumeshafika 604. Ongeza bampa la chuma na winchi, kilo 90, na tairi la pili la akiba, 30. Sasa ni 724. Wakidandia marafiki wawili na mabegi yao, kilo 180 nyingine, mmepita 900, na hata mkungu wa ndizi wa kumpelekea mjomba Iringa hamjanunua.

Gari lililozidishiwa mzigo linachelewa kusimama ukikanyaga breki, linayumba kwenye kona, na zile springi bapa za nyuma hukatika mbali na fundi yeyote. Kwa hiyo, vitu vizito vikae chini, karibu na kabini, visisogee nyuma ya ekseli. Paa lenyewe la gari likiwa kwenye mwendo mara nyingi halitakiwi kubeba hata kilo 100, basi maji na dizeli visipandishwe huko. Makabati ya mninga au mkongo yanapendeza sebuleni, lakini kwenye pikapu plaiwudi inatosha. Mimi nilikuwa nimeshachagua mninga wangu mzuri. Nikauacha. Mume wangu naye akaiacha winchi. Ngoma droo.

Mtalala wapi?

Hapa ndipo safari nyingi za pili zinapokufa. Mtu aliyelala vibaya siku tatu hakwambii hataki kurudi, anakwambia tu mwezi ujao ana kazi nyingi.

Pikapu ya milango minne kitanda chake cha mizigo kina urefu wa kama mita 1.5. Mtu wa futi 6 ana sentimita 183. Atalala amejikunja kama samaki kwenye kikaango. Ya mlango mmoja ina zaidi ya mita 2, humo mnatandika godoro la inchi 4 ndani ya kanopi na maisha yanaendelea. Ile ya kabini ya nusu iko katikati.

Kwa hiyo wenye milango minne wengi huenda kwenye hema la juu ya paa. Sifa zake: mko juu, kuna upepo, na godoro linakaa humohumo. Adha zake: mnapanda ngazi, na mkitaka kutoka asubuhi kuangalia simba lazima mkunje nyumba nzima kwanza. Wengine hulala kwenye hema la kawaida chini na kuweka mshiko kwenye godoro zuri. Hakuna aibu katika hilo. Ila mkienda Kitulo, huko juu zaidi ya mita 2,500, bebeni blanketi zito, maana baridi ya kule haijui kama mmeoana jana.

Sasa suala la choo, ambalo wanaume hulikwepa. Kambi nyingi za hifadhini hazina uzio. Tembo na fisi hupita katikati ya mahema usiku, na kutoka na tochi saa 8 za usiku si ujasiri. Beba ndoo yenye mfuniko mzuri, weka mahali panapofikika bila kutembea, na mkubaliane kabla kwamba hakuna atakayecheka. Ndoo ya bei ndogo kuliko soda za safari inaweza kuokoa ndoa.

Friji na umeme wake

Friji ndogo ya volti 12 ni raha, lakini ndiyo inayomaliza betri. Chukulia inavuta ampia 4 inapofanya kazi, na kwa joto letu inafanya kazi nusu ya siku. Saa 12 mara 4, ni ampia-saa 48 kwa siku. Betri ya kawaida ya maji yenye ampia-saa 100 haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mkiegesha siku nzima tu mmeimaliza. Paneli ya jua ya wati 100 yenye jua zuri inawarudishia kama ampia-saa 25 au 30. Hesabu haifungi. Hivyo mnaongeza paneli, au mnanunua betri ya lithiamu inayovumilia kushushwa zaidi, au mnaridhika na boksi la barafu.

Lolote mtakalochagua, friji isitegemee betri ya kuwashia gari. Betri ya pili itenganishwe na ya kwanza, nyaya ziwe nene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya mwembamba usio na fyuzi unaopita chini ya godoro mnalolalia ni moto unaosubiri siku yake.

Na matunda, jamani! Machungwa na maembe yasilale ndani ya hema. Tembo anasikia harufu yake kutoka mbali, na mlango wa kanopi kwake ni kama karatasi ya biskuti.

Jiko lisiingie ndani

Naomba aya hii uisome mara mbili. Usiku wa baridi, mvua nje, mtu anapata wazo la kuingiza jiko la mkaa ndani ya kanopi au hema, "tuote kidogo tu." Mkaa unaowaka, hata ule uliobaki makaa mekundu bila moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, mtu anahisi usingizi, anajilaza, na haamki. Kila mwaka wa baridi tunasikia msiba wa namna hiyo majumbani, na kanopi ni ndogo kuliko chumba chochote. Jiko la gesi nalo likiwaka mahali pasipo na hewa ni hatari vilevile.

Pikeni nje, chini ya turubai kukiwa na mvua. Ndani ni blanketi, soksi na mwenzako. Vipo vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi hiyo ikizidi. Kabla ya kununua taa ya paa, nunueni hicho.

Kuhusu hizo taa, mume wangu alinijia na hoja: "Mama, hizi taa ni usalama." Nikamjibu, "Baba, hifadhini usiku hakuna kuendesha. Unammulika nani?" Alicheka, akanunua pampu ya upepo.

Mkikwama

Na pampu hiyo ndiyo iliyotusaidia kuliko vyote. Mito mingi ya Ruaha wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Tairi lenye upepo wa 32 linachimba, likishushwa hadi kama 18 linatanuka na kuelea. Mkirudi kwenye barabara ngumu, mnajaza tena kabla ya kukimbia, maana tairi laini kwenye lami linapata moto na kupasuka. Ongezeni chepe, mbao mbili za kukanyagia, jeki yenye kitako kipana, na kamba ya kuvutia.

Kamba hiyo msiifunge kamwe kwenye kile kidonge cha chuma cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wameshakufa kwa hilo. Tumieni kulabu zilizofungwa kwenye chesisi, na watazamaji wakae mbali. Kuhusu udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, ushauri wangu ni mmoja: msiende. Na mkumbuke, ndani ya hifadhi zetu kuacha barabara ni marufuku. Gari la kazi ngumu lisikupe kichwa.

Kingine ambacho hakina uzito ni rangi. Mbung'o, wengine mnawaita ndorobo, huvutwa na bluu na nyeusi. Kwa Ruaha na Katavi, hema, turubai na fulana viwe vya kaki au rangi ya mchanga.

Nani mwingine anajua kuliendesha?

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Rafiki yangu mmoja na mumewe walikwenda Ruaha na gari lililokamilika kila idara. Asubuhi ya siku ya tatu mume akaamka na homa kali, anatetemeka, hawezi hata kushika kikombe. Iringa mjini iko zaidi ya kilomita 100. Rafiki yangu ana leseni, mjini anaendesha kagari kake kadogo kila siku, lakini ile pikapu hakuwahi kuigusa. Ilikuwa "gari ya baba." Hakujua 4L inawekwaje, hakujua jeki iko droo gani, na simu haikuwa na mtandao. Dereva wa wageni waliopiga kambi jirani ndiye aliyewafikisha hospitali. Mume alipona. Rafiki yangu ananiambia mpaka leo anakumbuka zile dakika alizokaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, mume anaugua pembeni, na gari la mamilioni haliwezi kumsaidia.

Basi kabla ya kununua kitu kingine chochote, tengeni Jumamosi mbili. Kila mmoja aliendeshe gari likiwa na mzigo. Kila mmoja aweke 4H na 4L, abadilishe tairi moja kwa mikono yake, ashushe na kujaza upepo, afungue hema peke yake. Kila mmoja ajue dawa ziko wapi. Na akina kaka, ukimfundisha mkeo usipige kelele. Ukishindwa, mlipe fundi amfundishe.

Anzeni hivi

Kama bado hamna uhakika, kodisheni kwanza. Arusha kuna makampuni yanayokodisha magari yenye hema juu ya paa. Siku nne zitawaambia mengi kuliko picha elfu za mtandaoni. Mkiamua kutengeneza lenu, mpangilio wa mshiko uwe huu: tairi, breki na sevisi, kisha kulala, kisha maji, kisha vifaa vya kujikwamua, kisha umeme. Mbwembwe zije mwisho, kama bonasi ipo. Na wenye bima waambieni mlichobadilisha kwenye gari.

Halafu laleni ndani yake usiku mmoja uani kwenu. Majirani watasema mmefukuzwa na mwenye nyumba, waacheni waseme. Asubuhi kila mmoja aandike kwenye karatasi yake vitu vitatu alivyovikosa na vitatu ambavyo hakuvigusa, bila kuchungulia ya mwenzake. Badilishaneni. Mkikuta mmoja ameandika "mto wa kulalia" na mwingine "winchi," hapo kaeni chini muongee, na aliyelala vibaya ndiye aanze.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.