Jicho Halijaribiwi Dawa

Kama iko neema ambayo mja huifaidi asubuhi na jioni pasi na kumshukuru Mola wake, basi ni neema ya kuona. Na kama iko amana tunayoichezea huku kwetu Meru na Embu, ni hiyo hiyo. Mtu akivunjika mguu hupelekwa Chogoria, ambako Daktari Archibald Irvine alianza kutibu watu tangu mwaka 1922, au hupelekwa Maua, wala hapana mjadala. Lakini jicho likiuma, kila jirani hugeuka tabibu.

Tazameni mambo yalivyo. Mkulima wa Runyenjes yumo shambani avuna mahindi, jani kavu likamkwaruza jichoni. Kufika magharibi jicho limewiva, machozi yamchuruzika, hata taa haitazami. Mmoja aja na maziwa ya mama anyonyeshaye, wa pili na maji ya majani yaliyopondwa, wa tatu na sukari, na wa nne, Mungu atusitiri, na mkojo. Na vyote hivyo hutiwa kwa kidole kisichooshwa. Siku chache zikipita, doa jeupe latokea juu ya weusi wa jicho, ndipo isemwapo kwamba amerogwa. Hakurogwa! Jani la shamba aghalabu huchukua kuvu, kuvu ikaingia katika mkwaruzo, na uchafu wa majirani ukaongeza balaa juu ya balaa.

Ngozi ile angavu ya mbele ya jicho, ambayo matabibu huiita konea, unene wake ni kama nusu milimita tu, wala haina mshipa wa damu hata mmoja, ili nuru ipite bila kizuizi. Mkwaruzo mdogo, ukiwa safi, hupona kwa siku chache. Bali ukishafanya kidonda huacha kovu, nalo ndilo chamba cha jicho walichokijua wazee wetu, ambacho hakuna jani liwezalo kukifuta. Wataalamu Foster na Sommer, walipoandika mwaka 1987 juu ya watoto wa Tanzania waliopofuka, walitaja surua, upungufu wa vitamini A, na, ole wetu, dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Bila shaka wazazi wale waliwapenda watoto wao. Lakini mapenzi pasipo ilimu hayakuwaokoa. Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga, ila hawakuyasema hayo kwa ajili ya jicho.

Wako na wale wajionao werevu, waendao dukani kununua dawa ya matone pasi na cheti cha daktari. Ikiwa ni ya steroidi, wekundu huondoka, mtu akafurahi, ilhali kidonda chazidi kuchimba chini kwa chini, kwa kuwa kinga ya jicho imedhoofishwa. Kisha chupa ile ile huazimwa boma zima!

  

Kovu likishaiziba nuru, hubaki upasuaji wa kupandikiza konea nyingine, nao wako wanaouogopa. Sikatai kwamba una hatari: vijidudu huweza kuingia, na konea iliyopandikizwa huweza kukataliwa na mwili hata baada ya miaka. Lakini hatari hizo hupungua mgonjwa afikapo mapema, atiapo dawa kama alivyoagizwa, asipolisugua jicho, na arudipo hospitali siku ile ile aonapo wekundu, maumivu au giza. Mwaka 1905, huko Olomouc, Daktari Eduard Zirm alimpandikizia konea kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa, akaona tena. Leo kazi hiyo yafanyika hata Nairobi. Ila konea hutoka kwa marehemu walioridhia, nao ni wachache. Usiharibu ya kwako kwa kutumainia ya mwenzio.

Enyi watu wa Meru na Embu, mlioitiisha miteremko ya Mlima Kenya kwa jembe, hamshindwi na jambo hili. Dawa ya nyumbani ni moja tu, maji safi: jicho likiingiwa na chokaa au dawa ya kunyunyizia kahawa, limwagilieni hata nusu saa, kisha nendeni hospitali. Likikwaruzwa, nendeni siku hiyo hiyo. Wapelekeni watoto wakachanjwe surua, na mboga za majani zisikose sahanini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi msiyafiche, wala msimruhusu asiyejua kuligusa jicho la mtu.