Mkono Uchumao na Mkono Upokeao

Mtu apitaye kwa mara ya kwanza katika barabara itokayo Kericho, ikapita Litein na Kaplong hata kufika Bomet, huiona nchi ile kama zulia moja la kijani lililotandikwa juu ya vilima. Hustaajabu, husifu, kisha huenda zake. Lakini akisimama mchana karibu na kituo cha kununulia majani ya chai, ataona jambo linalostahili kufikiriwa. Akina mama wamepanga foleni, kila mmoja na mzigo wake, wakingoja lori la kiwanda. Karani hupima, husoma nambari ya mkulima, huandika uzito. Mara nyingi nambari hiyo ni ya mume, naye mume mwenyewe hayupo. Mkono uliochuma umefika mizanini. Mkono utakaopokea uko mahali pengine.

Jambo hilo laonekana dogo, tena la nyumbani. Lakini ndani yake mna swali kubwa la maendeleo, nalo ni hili: mali ya nchi ikikua, ni nani akuaye pamoja nayo? Na kama aifanyaye kazi hakui pamoja nayo, mali hiyo itadumu kwa muda gani?

Yafaa kukumbuka chai yenyewe ilivyofika. Mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kizungu yalianza kuipanda chai huko Kericho. Ardhi ile ilikuwa imetoka katika mikono ya Wakipsigis na ukoo wa Talai, wala madai yao hayajaisha. Mwaka 2022 yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuchuma majani katika shamba la mwingine, lakini hakuruhusiwa kupanda mchai wake mwenyewe. Alikuwa mkono uchumao tu.

Mlango ulianza kufunguliwa kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokubali kwamba mkulima mdogo aweza kulima mazao ya kuuza. Mwaka 1964 likaundwa shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo, ambalo watu wote hulijua kwa herufi zake, KTDA. Mwaka 2000 shirika hilo liliacha kuwa la Serikali, likawa kampuni inayomilikiwa na viwanda vya wakulima. Leo wakulima wadogo wa Kenya wauzao majani kwa njia hiyo ni zaidi ya 600,000, na katika nchi ya Kericho na Bomet majina ya viwanda vyao yajulikana na kila mtoto: Litein, Momul, Tegat, Kapkatet, Mogogosiek, Kapset, Tirgaga, Kapkoros na vinginevyo. Hapana shaka hayo ni maendeleo makubwa. Mtu aliyekuwa kibarua, au mwana wa kibarua, amekuwa mwenye hisa.

Hata hivyo, hisa zilipoandikwa, nambari zilipogawiwa na vitabu vya akiba vilipofunguliwa, jina lililotiwa kalamuni kwa kawaida lilikuwa la mwenye shamba, naye kwa desturi ni mwanamume. Kazi ya kuchuma ikaenda kwa mke na watoto. Mwaka 1993 watafiti wawili, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, walichapisha makala juu ya wakulima wadogo wa chai wa Kericho. Walieleza kwamba mashamba yale yalipungukiwa na mikono kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani juu ya kazi na malipo. Wanawake walipoona kwamba fedha za chai haziwafikii, walizielekeza nguvu zao katika kazi nyingine, ambazo faida yake waliishika wenyewe.

Mwenye kuishi katika nchi ile hana haja ya kuelezwa zaidi. Mazungumzo ya nyumba kama hiyo huwa hivi:

"Mama watoto, naona karatasi ya mwezi huu ina kilo chache. Kwani majani yamepungua?"

"Majani hayajapungua, baba watoto. Yamejaa tele, yanakomaa."

"Basi mbona hayachumwi?"

"Nina mboga zangu za kupeleka sokoni siku ya Jumamosi. Zile nazijua bei yake, na fedha zake nazihesabu mwenyewe."

Mume aliyejibiwa hivyo aweza kukasirika, akasema kwamba mke wake amekuwa mvivu. Lakini asemaye kweli atakiri kwamba huyo si mvivu, maana ameamka alfajiri na hajakaa kitako tangu hapo. Amefanya hesabu tu, naye amefanya hesabu iliyo sawa.

Sasa na itazamwe hasara yake. Mchai haungojei watu wamalize ugomvi. Chipukizi hutaka kuchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi, majani mawili na ncha yake, wala si zaidi. Likiachwa hukomaa na kuwa gumu. Jani gumu likichanganywa na laini katika mzigo mmoja, likafika kiwandani, hutoa nyuzi nyingi na chai hafifu. Zahitajiwa kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na kilo hiyo ikifika mnadani Mombasa huonjwa na watu wasiojua jina la mkulima wala shida zake. Wao huujua ulimi wao tu. Chai hafifu hupata bei hafifu, na bei hiyo hurudi njia ile ile iliyokwenda, kutoka Mombasa mpaka kiwandani, na kutoka kiwandani mpaka mlangoni pa mkulima.

Tena kuna wanunuzi wa njiani, ambao si wa kiwanda. Hao hawachagui sana jani wala hawaulizi nambari ni ya nani. Hulipa papo hapo, mkononi mwa aliyeleta mzigo. Mkulima aliye mwanachama wa kiwanda huwalaumu sana watu hao, na kwa haki, maana humwibia kiwanda chake majani. Lakini na ajiulize kwa nini hawakosi cha kununua. Kwa mama asiyeiona bonasi, shilingi chache za leo ni afadhali kuliko nyingi za mwezi wa Oktoba ambazo hatazishika wala kuzihesabu.

Bonasi yenyewe ndiyo iliyowasha moto wa maneno mwaka 2025. Wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika vikali kwamba walilipwa kidogo, na hali wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa walipata zaidi kwa kila kilo. Walitaka kuelezwa hesabu: kiwanda kiliuza kwa bei gani, kilitumia nini, kimekopa wapi, na kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi kile. Walisema kwamba wamepeleka majani mwaka mzima, na sasa wanaitiwa kiasi kilichokwisha kukatwa na watu wengine chumbani. Malalamiko hayo ni ya haki. Kiwanda ni mali ya wakulima, wakurugenzi wake huchaguliwa nao, na mwenye mali ana haki ya kuona vitabu.

Lakini na asikilize vizuri mkulima huyo maneno yake mwenyewe. Kupeleka majani mwaka mzima bila kujua hesabu. Kuambiwa kiasi kilichokwisha kukatwa. Kuona wengine wakiamua jambo ambalo jasho lake limelilipia: hayo ndiyo mashtaka aliyo nayo mke wake juu yake. Anacholalamikia kiwandani ndicho anachokitenda nyumbani. Akitaka vitabu vifunguliwe Litein au Kapkoros, na aanze kwa kufungua kile kilichomo katika sanduku lake.

Si haki kumtwika mama wa Bomet lawama yote ya bei ndogo. Udongo, mwinuko wa nchi, gharama za viwanda na madeni vyote vina sehemu yake, na wakubwa wa viwanda hawana ruhusa ya kujificha nyuma ya kikapu cha mchumaji. Lakini ubora wa jani nao una sehemu yake, na ubora huo hauletwi kwa amri. Hakuna mkaguzi awezaye kusimama nyuma ya kila mchai. Jani zuri huchumwa na mtu anayeona faida ya kulichuma vizuri, basi.

Kanuni hiyo hiyo yaonekana katika mashamba makubwa, ingawa huko habari ni chungu zaidi. Makampuni yameleta mashine za kuchumia, yakisema kwamba gharama ya kazi ya mikono imekuwa kubwa kuliko bei ya chai iwezavyo kuibeba. Huenda hesabu yao kwenye karatasi ni sawa. Lakini mwaka 2023 kamati ya kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba nafasi za kazi 30,000 zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mashine katika muda wa miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, waandamanaji walizichoma mashine kadha, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Kuchoma mashine hakurudishi kazi ya mtu, na damu iliyomwagika haina fidia. Hata hivyo, mwenye kampuni aliyeshangaa siku ile angalifaa kujiuliza ni vijana wangapi wa vijiji vya jirani waliofundishwa kuziendesha na kuzitengeneza mashine hizo kabla hazijaletwa, na ni akina mama wangapi walioambiwa mapema watakula nini. Mali ambayo jirani hana sehemu ndani yake hulindwa kwa askari, na askari hawatoshi kulinda vilima vyote.

Wala mkono utoao hauwi wa mwanadamu peke yake. Mvua inyweshayo chai ya Kericho na Bomet hutegemea msitu wa Mau, na mito yake, kama Itare na Kipsonoi, yatoka huko. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kanda za chai za Nyayo kandokando ya misitu, ili ukanda wa chai uwe ukuta kati ya jembe na mti. Lakini viwanda vyenyewe hukausha majani kwa moto wa kuni, na kila tanuri lataka kulishwa. Kiwanda kisichopanda miti yake mwenyewe, na mkulima apandaye mikaratusi mpaka ukingoni mwa kijito, huchukua kwa msitu na mto bila kurudisha kitu. Msitu hauendi kwenye mkutano kulalamika. Husema kwa ukame tu, na wakati huo maneno yamekwisha chelewa.

Basi lifanywe nini? Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa watu wenyewe, hata kabla ya kungojea sheria mpya.

La kwanza, kila nyumba iketi na kuhesabu pamoja. Wako waume waliokwisha kuwakatia wake zao, na wana wao wakubwa, safu za michai ambazo malipo yake ni yao. Wengine wamefungua akaunti ya majina mawili katika chama cha akiba na mikopo. Hakuna mume aliyepungukiwa heshima kwa kufanya hivyo. Aliyepungukiwa ni yule ambaye michai yake imekuwa kichaka.

La pili, viwanda viandike wanawake katika daftari kama wakulima na wenye hisa, si kama wabebaji wa mizigo; na hesabu ya mwaka isomwe mkutanoni kwa lugha ambayo mtu wa kawaida aielewa, kabla bonasi haijatangazwa, siyo baada ya watu kukasirika.

La tatu, makampuni na kaunti zikae pamoja juu ya mashine, ili kila mashine iletwayo ije na shauri lake la watu itakaowaondoa: mafunzo, kazi nyingine, au muda wa kutosha wa kujitayarisha.

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba mmoja achumie juani, na mwingine ale kivulini.