Wanaona udongo wetu toka juu, na sisi tuelezwe

Kila mwaka huko Ulaya kuna mkutano ambao watu wachache sana wa Kolwezi, Likasi ao Kipushi wamekwisha kuusikia. Unaitishwa na kundi la wajiolojia linaloitwa Geological Remote Sensing Group, lililoanza Uingereza mwaka 1989. Kazi yao ni kusoma udongo toka mbali: kwa mafoto ya satelite, ya ndege, na siku hizi ya drone. Wanakutana, mara nyingi London, wanaonyeshana ramani, wanabishana, kisha kila mutu anarudia kwake.

Mtatuuliza: hilo linatuhusu nini, sisi watu wa mgodi? Linatuhusu, juu satelite haichagui inchi. Inapita juu ya Katanga kama inavyopita juu ya London, na kila mara inachukua foto ya mashimo yetu, ya maremblai yetu na ya nyumba zetu.

Kusoma udongo kabla ya kuuchimba si jambo geni kwetu. Wazee walioyeyusha misalaba ya shaba hawakuwa na mashini. Waliangalia kilima kisicho na miti, wakatafuta lile ua dogo linalopenda udongo wa shaba, ambalo wataalamu waliliita Haumaniastrum katangense. Penye ua lile, walijua mali haiko mbali. Satelite inafanya kazi ya namna ileile. Inapima mwangaza unaorudi toka kwa mawe na majani, hata ule ambao macho ya mutu hayawezi kuona. Kila aina ya jiwe inarudisha mwangaza kwa namna yake, na vilevile mti wenye afya na mti unaoteseka.

Mafoto hayo si siri. Yale ya Landsat, satelite za Marekani zilizoanza kuruka mwaka 1972, yanatolewa bure tangu 2008. Ulaya nayo inatoa bure mafoto ya satelite zake Sentinel. Kwa hiyo bei si sababu ya sisi kukosa habari. Wanaokosekana ni watu waliopewa kazi ya kuyasoma kwa faida ya kartie zetu.

Na hapa tunafika kwa jambo lenyewe. Katika mikutano ya namna hii watu hawasemi tu namna ya kupata shaba. Wanasema pia namna ya kujua udongo unaotembea. Kuna satelite zenye rada. Zinaona usiku, zinaona hata mawingu ya masika yakifunika mbingu. Zikipita mahali pamoja mara nyingi, kila siku 12 kwa mfano, wataalamu wanaweza kulinganisha vipimo na kujua kama ukuta wa bwawa la mabaki ya usine ao kando ya shimo vimeshuka, hata kwa milimetre chache.

Tukumbuke Brumadinho, kule Brazili. Tarehe 25 Januari 2019, saa ya chakula cha muchana, bwawa la mabaki ya mgodi lilibomoka. Watu 270 walikufa, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi. Nyuma yake, wataalamu walirudilia vipimo vya rada vya miezi iliyotangulia. Wamoja waliandika kwamba udongo ulikuwa umeanza kutembea kwa haraka, na ingewezekana kujua mbele. Wengine walibisha, wakasema alama zile hazikutosha. Sisi hatutaamua kati yao. Lakini tunaona jambo moja: vipimo vilikuwako, na vilichunguzwa vizuri kiisha watu kuzikwa.

Hatuhitaji kwenda mpaka Brazili. Mwezi wa Februari 2025, kwa jirani zetu wa Zambia, bwawa la mabaki lilipasuka, na maji ya asidi yakaingia mpaka katika mto Kafue. Na hapa kwetu, nani amesahau Juni 2019 karibu na Kolwezi, wakati udongo ulipoanguka na kufunika macreuseur zaidi ya 30? Mama aliyengoja bwana yake siku ile hakuuliza mambo ya satelite. Aliuliza paka hivi: « Hakuna mutu aliyeona? »

Tuseme kweli: satelite si mganga. Haioni mutu aliye ndani ya tunnel. Mahali panapochimbwa kila siku, udongo unageuka sana hata rada inapoteza hesabu. Na shimo linaweza kuanguka kwa dakika moja, wakati satelite itapita kiisha siku 10. Mwenye kusema chombo hiki kitaokoa kila creuseur anadanganya watu. Lakini mabwawa ya mabaki na kuta za mashimo makubwa hazitembei kila mara bila kutoa alama. Pale chombo hiki kiko na faida, na pale ndipo familia nyingi zinalala chini ya ukuta bila kujua uko namna gani.

Tunaomba nini basi? Kwanza, Université ya Lubumbashi iko na wajiolojia. Wapewe kazi hii ya kufuata mabwawa na mashimo makubwa ya Haut-Katanga na Lualaba, mwaka mzima. Pili, sheria ya migodi ya 2018 inadai kila sosiete inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoikaa karibu. Kidogo tu ya feza ile kingetosha kulipa vijana wachache wenye kujua kusoma mafoto haya. Tatu, na hili ndilo kubwa: matokeo yasibaki kwa biro. Yasemwe kwa radio, kwa Kiswahili, na chef wa kartie ayapate siku ileile. « Ukuta wa bwawa fulani umeshuka, ondokeni upande wa mto. » Mutu yeyote anaelewa maneno hayo.

Sosiete zinazokuja kutafuta shaba zinanunua mafoto mazuri kuliko haya, na zinajua mali iko wapi mbele ya kupiga jembe la kwanza. Hatuwakatazi. Lakini kama jicho la juu linaweza kuona mali chini ya miguu yetu, liangalie na ukuta ulio juu ya vichwa vyetu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwetu, ufa usipoonekana kwa wakati, tunachimba makaburi.